UZI: Majivu, ndimu, magadi na jua: usafi wa nyumba wa kizamani, kila kitu na kazi yake

Chelewa la Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina jambo limenikaa rohoni muda sasa. Kila nikifungua simu nakutana na video ya mtu anamimina siki, ndimu, magadi soda, chumvi na sabuni ya unga kwenye beseni moja, povu linapanda mpaka linamwagika, na chini yake watu wanaandika "asante kwa elimu". Povu lile halisafishi kitu. Siki ni asidi, magadi soda ni alkali, na vikikutana vinauana nguvu. Hewa ya kaboni ndiyo inayofanya ule mfoko, ikishapaa unabaki na maji yenye chumvichumvi hafifu. Siki peke yake ingefanya kazi. Magadi peke yake yangefanya kazi. Ukivimimina pamoja umetupa vyote viwili.

Mimi nimelelewa na bibi huko Pangani, na sasa hivi nasimamia usafi kwenye nyumba ya wageni hapa Dar, kwa hiyo haya mambo nayaishi. Wazee wetu hawakuwa na maneno ya asidi na alkali, ila walijua kwamba kila uchafu una jamii yake na kila jamii ina dawa yake. Mafuta yanataka majivu au magadi. Kutu na ukoga wa shaba vinataka kichachu. Rangi ya chakula inataka jua. Ukilijua hilo huhitaji kukariri mapishi mia. Usipolijua, utaharibu vyombo vyako kwa vitu vya asili kabisa huku ukiamini vya asili havidhuru.

Tuanze na majivu.

Jivu zuri ni la kuni ngumu, lililopoa, likachekechwa mkaa na misumari vikatoka. Jivu la jalalani, palipochomwa mifuko na mbao zilizopakwa rangi, si la kuingiza jikoni. Jivu la kuni lina potasi. Ukililowanisha na kulisugua kati ya vidole utasikia utelezi, na utelezi huo ndio dawa yenyewe: alkali ikigusa mafuta ya kwenye sufuria inayageuza sabuni palepale. Ndiyo maana mtu wa kijijini anaosha chungu cha nyama bila tone la sabuni na kinatoka bila utando. Zaidi ya hapo chembe za jivu zinasugua bila kuchimba, tofauti na mchanga wa pwani unaoacha michirizi.

Cha kusugulia ni kumbi la nazi. Unachukua kipande kikavu cha saizi ya kiganja, unakipondaponda upande mmoja mpaka nyuzi zifunguke, unachovya kwenye maji, unachovya kwenye jivu, unasugua kwa kuzungusha. Ukimaliza unalianika. Likichoka linaingia motoni na lenyewe linakuwa jivu. Stiliwaya inaota kutu baada ya siku chache na inaacha vinyuzi vya chuma kwenye chakula, kumbi halina matatizo hayo. Kwa glasi na sahani nzuri tumia dodoki. Huku mjini watu wengi wanalijua la kuogea tu, lakini lililokauka vizuri na kutolewa mbegu ni sponji bora kuliko ile ya njano ya dukani inayonuka baada ya wiki.

Kwa mbao, yaani kibao cha mbuzi ya nazi, mwiko, meza ya jikoni, kuna majani ya mti wa msasa. Upande mmoja wa jani unakwaruza sawasawa na karatasi ya fundi seremala. Bibi alikuwa anasugulia kinu kwa ndani. Kama huna msasa, chumvi ya mawe na nusu ya ndimu inatosha, halafu kibao kinakaa juani kimesimama, kisilazwe. Kinu kikibaki na harufu ya kitunguu saumu, twanga konzi ya mchele mkavu, umwage, basi.

Na masizi! Anayepikia kuni au mkaa wenye moshi asisubiri kuyasugua. Kabla ya kuteleka, paka nje ya sufuria udongo uliolowana au majivu yaliyokorogwa na maji, au sabuni ya mche kama unayo. Paka kitako na ubavuni mpaka usawa wa ulimi wa moto. Masizi yanakaa juu ya ule utando, na ukiosha vyote vinatoka pamoja. Kazi ya dakika mbili inakuokoa na nusu saa ya kukwangua.

Kioo cha kandili ni jivu laini kavu na gazeti. Usitie maji kikiwa bado cha moto, kitapasuka.

Vichachu

Hapa nazungumzia ndimu, limau, ukwaju na siki. Kazi yao kubwa ni kuondoa vitu vilivyoganda kutokana na madini: ukoga wa shaba, kutu ya chuma, na ule ukoko mweupe kwenye birika. Sisi wa Dar tunaotumia maji ya kisima tunaujua huo ukoko. Jaza birika nusu maji nusu siki, chemsha, liache lipoe, mwaga, suuza. Utaona magamba yanaelea. Kama huna siki, kamulia ndimu tano sita na utie na maganda yake.

Kichachu kingine kinachosahaulika ni ile ndimu ya kunawia baada ya kuparua samaki. Harufu ya samaki inatokana na kemikali za jamii ya alkali zinazopaa hewani, na asidi ya ndimu ikizishika hazipai tena. Ni kazi halisi, haifuniki harufu kwa harufu. Nawa mikono kwa ndimu, pangusa na ubao, pangusa na kisu. Ila suuza vizuri kabla hujatoka juani, maana maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua kali likayakuta yanaunguza, ngozi inatoka malengelenge na kuacha baka jeusi. Watoto wanaocheza na ndimu uwanjani muwaangalie.

Sasa sehemu ambazo kichachu hakiendi. Marumaru hapana, terazo hapana, sakafu ya saruji hapana. Vyote hivyo vina chokaa ndani yake na asidi inaila chokaa. Dondoshea siki kwenye pembe isiyoonekana: ikitoa vipovu, jiwe linaliwa hilo. Nimeona sakafu ya terazo ya nyumba nzuri imekuwa na mabaka yasiyong'aa kwa sababu msichana wa kazi aliambiwa apigie deki ya siki. Chuma cha kukaangia chapati nacho usikitie ndimu, kitaota kutu usiku huohuo. Kile kinataka chumvi kavu, kitambaa, kipashwe moto kikauke, kipakwe mafuta kidogo.

Na vyungu vya udongo msiviloweke kwenye sabuni ya unga. Udongo una vitundu, unanyonya, na mchuzi wa kesho utakuwa na ladha ya sabuni. Maji ya moto, dodoki, juani.

Magadi

Magadi ya mawe tunayopikia maharage yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Magadi upande wa Kenya na Ziwa Natron upande wetu. Yana nguvu kuliko magadi soda meupe ya kuokea, kwa hiyo usiyashike kiholela. Matambara ya jikoni yaliyolowa mafuta: twanga magadi kijiko cha chakula, tia kwenye ndoo ya maji ya moto, loweka usiku, asubuhi fua kama kawaida. Sinki linalopitisha maji polepole kwa ajili ya mafuta: mwagia magadi yaliyotwangwa, subiri kidogo, fuatisha birika la maji yanayotokota. Chupa ya chai iliyoganda weusi ndani: kijiko cha magadi soda, maji ya moto mpaka juu, iache saa kadhaa, mwaga. Hakuna kusugua.

Msiloweke ndani ya magadi nguo za hariri wala za sufi. Alkali inazila nyuzi zitokazo kwa wanyama.

Madoa na jua

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Damu, maziwa na mayai: maji baridi tu, yenye chumvi. Maji ya moto yanalipika lile doa linaganda ndani ya uzi na hutalitoa tena. Kutu kwenye nguo nyeupe: chumvi, maji ya ndimu, juani, ikikauka rudia, halafu suuza sana. Usikimbilie jiki kwenye kutu, jiki inazidi kuikoleza. Mawese: sabuni ya mche, paka nene, usisuuze haraka, anika juani na sabuni yake. Ile rangi nyekundu ya mawese haivumilii jua. Utomvu wa fenesi kwenye kisu na mikono hautoki kwa maji, unatoka kwa mafuta ya kupikia, ndipo ufuate na sabuni. Utomvu wa ndizi kwenye nguo ukishakauka sina dawa ya kuwadanganya nayo. Wazee walikuwa na nguo ya shamba, wakamaliza hapo.

Jua pia ndilo la magodoro na mito. Toa nje asubuhi, geuza adhuhuri, ingiza kabla ya umande. Kwa kunguni, godoro nene kulianika tu hakutoshi, maana wanakimbilia upande wa kivuli. Kitanda cha kamba kilikuwa kinatolewa uani na kumwagiwa maji yanayotokota kwenye kila kiungo na kila fundo la kamba, kwa sababu joto linalopita nyuzi 50 linaua kunguni na mayai yake. Kitanda cha mbao cha siku hizi pitisha maji hayohayo kwenye nyufa, kama hakina gundi ya kubanduka.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa msisitizo. Jiki usiichanganye na kichachu chochote, iwe siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na chooni pasipo dirisha mtu anaanguka. Na usiimwage juu ya mkojo uliokaa, nao unatoa gesi mbaya. Penye kipindupindu msiniletee ndimu, hapo ni klorini kwa kipimo cha bwana afya, basi. Usafi wa asili ni wa uchafu wa kila siku.

Karibuni mchangie.

---

Kijana wa Sinza

Dada, shukrani kwa uzi. Naishi geto, nina sufuria mbili za alumini. Nimechemshia mayai na maharage yenye magadi, ndani zimekuwa nyeusi tii. Nimesugua kwa majivu kama ulivyosema, nyeusi haitoki. Nakosea wapi?

Chelewa la Pangani

Mdogo wangu, weusi huo umeletwa na alkali, na wewe unaongezea alkali. Alumini ina ngozi nyembamba inayoilinda. Magadi, na hata maji ya kisima yenye madini, yanaila ile ngozi na kuacha weusi. Dawa yake ni kichachu. Jaza maji mpaka juu ya alama ya weusi, tia ukwaju konzi moja au maganda ya ndimu uliyokwisha kukamua, chemsha robo saa. Weusi unatoka wenyewe. Mama ntilie wanajua: sufuria iliyopikiwa mchuzi wa nyanya nyingi huwa inatoka inang'aa, ndiyo kazi hiyohiyo.

Majivu kwenye alumini yanafaa kwa nje, kusugua harakaharaka na kusuuza palepale. Kulaza sufuria ya alumini na majivu yaliyolowana au magadi usiku kucha ni kuila. Na maharage yenye magadi yahamishie kwenye chungu kama unaweza kukipata. Yanaiva vizuri zaidi humo.

---

Mama wa Kibokoni

Dadangu, Mombasa hapa. Mume wangu Ijumaa alimwagikiwa na mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe. Nikapaka sabuni ya kipande, doa la manjano likageuka jekundu kama damu! Nikaona kanzu imekwenda na maji. Nimeiweka kando sijaigusa.

Chelewa la Pangani

Mama, usiitupe. Ile ni bizari ya manjano. Rangi yake ikiguswa na sabuni, ambayo ni alkali, inageuka nyekundu. Ikiguswa na ndimu inarudi njano. Hakuna kilichoharibika, doa ni lilelile limebadili sura.

Fanya hivi: toa mafuta kwanza, kwa sababu biriani ni samli na manjano pamoja. Paka sabuni tena, fikicha, suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka nguo isiteleze. Wekundu ukibaki usishughulike nao. Anika kanzu nje, sehemu yenye doa ielekee jua moja kwa moja, ikiwa bado mbichi. Manjano ni rangi isiyostahimili jua. Jioni utaona limefifia, siku ya pili au ya tatu utalitafuta. Ikianza kukauka inyunyizie maji. Kinachowaponza wengi ni kuanika kivulini kwa kuogopa nguo kupauka, wakati nyeupe haina cha kupauka.

Ikishatoka, ndipo uipeleke kwenye buluu na wanga. Buluu haisafishi, inaficha ule unjano wa uzee ili macho yaone weupe, kwa hiyo ni ya maji ya mwisho na ni kidogo sana, mpaka maji yawe na rangi ya anga, yasizidi. Wanga wa muhogo koroga kwanza kwa maji baridi ulainike, halafu mimina maji yanayotokota huku unakoroga mpaka ung'ae. Ukianza na maji ya moto utapata madonge na kanzu itakuwa na mabaka magumu.

---

Mhaya wa Ziwani

Kwetu Kagera majivu bora ya kufulia yalikuwa ya maganda ya ndizi. Maganda yanakaushwa, yanachomwa, jivu linatiwa kwenye chombo chenye matundu kitakoni, linamwagiwa maji taratibu, yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai. Yale yanachemshwa na mafuta ya ng'ombe mpaka yashikane. Bibi yangu aliita sabuni hiyo ya watu wazima kwa sababu ilikuwa kali mikononi.

Chelewa la Pangani

Ahsante sana mkuu, hii ni elimu. Ndizi ina potasi nyingi na maganda yake yana nyingi zaidi, kwa hiyo jivu lake lina nguvu. Rafiki zangu Waluhya wa Kenya nao wanachuja majivu hivyohivyo, ila wao wanatia yale maji kwenye mboga za mrenda kuzilainisha. Ukali mikononi unatokana na alkali iliyozidi mafuta. Anayetaka kujaribu aongeze mafuta, achemshe polepole, na sabuni ikae wiki kadhaa kabla ya kutumika. Macho muyalinde wakati wa kukoroga.

---

Jembe Halisi

Wakuu tuseme ukweli. Haya yote ni mambo ya shida. Bibi zetu walitumia majivu kwa kuwa hawakuwa na hela ya sabuni. Leo chupa ya sabuni ya maji haifiki elfu mbili. Kwa nini turudi nyuma?

Chelewa la Pangani

Kaka, kwa sehemu nakubaliana na wewe. Sabuni ya maji ni nzuri kwa vyombo vya kila siku na mimi natumia. Sijasema mtu aache. Lakini sabuni ya maji haitoi ukoko wa birika, haing'arishi shaba, haiondoi kutu, haitoi manjano. Kwa kila kimoja cha hivyo dukani utauziwa chupa yake, na ukisoma nyuma ya ile ya birika utakuta ni asidi, mara nyingi ni hiyohiyo iliyo kwenye ndimu, na ile ya kuzibua sinki ni alkali kali kuliko magadi. Unanunua kitu kilekile kwa jina kubwa.

Halafu kuna suala la shida lenyewe. Mtu wa kipato kidogo akijua kwamba maganda ya ndimu aliyokwisha kukamua bado yana kazi, ile elfu mbili anaitumia kwenye kitu kisicho na mbadala. Mimi wale wasichana ninaofanya nao kazi nawafundisha kwanza "uchafu huu ni wa jamii gani", chupa baadaye. Anayejua hilo hata umpe dawa ya kisasa ataitumia inavyotakiwa, na hatachanganya jiki na dawa ya choo akajiua.

---

Bint wa Muskat

Asalaam aleikum. Mie niko Oman, wazee wetu wametoka Unguja. Nimerithi dele mbili za kahawa za shaba na sinia, zimeota kijani. Hapa wananiuzia dawa ya krimu ghali. Nitumie ndimu au ukwaju? Naogopa kuzichuna.

Chelewa la Pangani

Waaleikum salaam dada. Ukwaju, kwa maoni yangu. Ndimu inafanya kazi haraka na ni rahisi kupitiliza. Ukwaju una nyama nzito inayoshika pale ulipopaka, haitiririki, kwa hiyo unaamua mwenyewe uanzie wapi na uishie wapi.

Kabla ya yote tazama ndani ya dele. Vyombo vya shaba vya kupikia na vya kahawa vilitiwa bati kwa ndani ili shaba isiingie kwenye kinywaji. Kama ndani ni rangi ya fedha, usisugue humo kwa jivu wala mchanga, utalikwangua bati. Suuza kwa maji ya moto na dodoki basi. Kama bati limeliwa na shaba nyekundu inaonekana, usinywee kahawa mpaka fundi alitie upya. Iwe pambo.

Nje: loweka ukwaju kwenye maji ya moto kidogo, fikicha, utoke mzito. Tia chumvi laini. Paka kwa vidole mahali pamoja, subiri dakika chache, utaona rangi ya waridi inajitokeza chini ya weusi. Hapo suuza, usisubiri zaidi. Penye nakshi tumia mswaki laini wa zamani. Ukishasuuza sehemu zote, kausha kabisa kwa kitambaa, *ndipo* uchukue jivu kavu lililochekechwa kwa kitambaa chembamba na kupangusia mpaka ing'ae. Mpangilio huo una sababu yake: ukwaju kwanza uyeyushe ukoga, jivu baadaye ling'arishe. Ukivichanganya, jivu linaua uchachu na unabaki kusugua kwa nguvu zako. Ukifanya hivyo kwa misumari ya shaba ya milango mikubwa, kata duara la kadi au ngozi kuzunguka kila msumari, ukwaju usiguse mti. Mti wa mlango ukipata asidi na jivu unaweza kubaki na alama.

Sinia ukiligonga kwa kucha na kuona utando unaong'aa kama wa rangi, hilo limepakwa vanishi. Usilitie kichachu mpaka vanishi itoke, la sivyo litakuwa na madoadoa.

---

Kibuyu cha Eldoret

Salamu kutoka bonde. Sisi vibuyu vya maziwa hatutii sabuni kabisa. Vinasuguliwa ndani kwa kijiti cha mti fulani kilichopondwa ncha, halafu kibuyu kinatiwa kaa la moto la mti wa senetwet, linazungushwa ndani mpaka weusi upake pote. Ndio mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, inatoka na rangi ile ya kijivu. Hii nayo ni usafi ama ni ladha tu?

Chelewa la Pangani

Ni vyote viwili kaka. Kibuyu hakiwezi kuchemshwa wala kuingia mkono, na sabuni ikiingia kwenye vitundu vyake haitoki. Moto wa kaa unakausha ndani na kuua vijidudu vinavyochachusha maziwa vibaya, moshi nao unahifadhi. Wamaasai wanafanya jambo la jamaa hiyohiyo kwa mti wa mzeituni wa porini. Pwani tulifukiza mitungi ya maji: mtungi unasuguliwa kwa mchanga, unaanikwa ukauke, unafunikwa juu ya chetezo chenye ubani, kisha ndipo unajazwa. Maji yanakuwa na harufu nzuri, lakini mtungi uliofukizwa hausafishi maji machafu. Maji bado yanatakiwa yachemshwe.

---

Mpangaji Mbagala

Dada mimi ukuta wangu wa chumbani unaota ukungu kila masika. Nimepangusa kwa siki, unaondoka unarudi. Fundi anasema nipige rangi ya mafuta uzibe. Nifanyeje?

Chelewa la Pangani

Usizibe. Ukuta wenye unyevu ukipigwa rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, rangi inavimba na kubanduka, na ukungu unarudi nyuma yake. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bati linavuja, maji ya mvua yanajaa msingini, au chumba hakina hewa. Hilo ni la mwenye nyumba, mwambie.

Kisha pakeni chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na za mji wa kale wa Lamu ulioingia 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zilikuwa zikipakwa chokaa upya mara kwa mara. Chokaa ni alkali kali, ukungu hauoti juu yake, na inauacha ukuta upumue. Ikikauka inavuta hewa ya kaboni na kugeuka jiwe tena, ndiyo maana haiondoki kwa kupangusa kidogo.

Kwangua ukungu ukuta ukiwa umelowana ili vumbi lake lisiruke, funga kitambaa puani. Kama kuna rangi ya mafuta ya zamani itoe yote, chokaa haishiki juu yake. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ya mfuko. Ile ya mawe isiyozimwa inachemka ikikutana na maji na inaunguza, waachie mafundi. Koroga mpaka iwe na uzito wa maziwa, chuja kwa kitambaa. Lowanisha ukuta, paka mkono mmoja mwembamba, yaani tabaka moja. Utaona haionekani, kama umepaka maji. Usiongeze. Inaanza kuwa nyeupe ikikauka. Kesho yake lowanisha, paka wa pili. Kesho kutwa wa tatu. Ukipaka mmoja mnene itapasuka na kukuangukia kitandani. Vaa miwani yoyote uliyonayo, na tone likiingia jichoni osha kwa maji mengi ya bomba bila kuacha, halafu zahanati. Brashi iwe ya katani, ile ya nailoni haishiki chokaa vizuri. Fanya mwezi wa kwanza au wa pili, kabla masika hayajaanza, ikauke polepole madirisha yakiwa wazi.